Mama hataki bunduki ya mchezo ilale nyumbani, na wenzangu wananingojea mimi

BARAZANI KWA BI MKUBWA

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume, nimezaliwa Wete, Pemba, mwaka 2001. Sijaoa. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumbani tuko mimi, mama na mdogo wangu wa darasa la sita. Mchana natengeneza simu katika duka la mtu, jioni nina wenzangu tuna kikundi cha maigizo. Tulianza na vichekesho vya sikukuu vya dakika mbili tatu, tukavitia mtandaoni, watu wakavipenda, hata walioko Maskati na London wanatuandikia wanataka zaidi.

Sasa tumeandika mchezo mrefu kidogo, wa magendo ya karafuu. Ndugu wawili, usiku, mashua, magunia yamefunikwa makuti, wanataka kuvuka kwenda Shimoni, Kenya, na askari wa KMKM, kile kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, amejificha anawangojea kwenye mkondo. Tatizo ni huyo askari. Mtu wa kumwigiza tunaye, ana sauti na ana kifua, lakini mkononi hana kitu. Tulimjaribu na bunduki ya plastiki ya sikukuu, zile zinazouzwa Tibirinzi zenye taa na mlio. Tukacheka wenyewe mpaka tukazima kamera.

Ndipo akatokea kaka mmoja jirani, amekuja likizo kutoka Uingereza, anasema anayo easofti anaiuza. Kwa wasioijua, ni bunduki ya bandia iliyotengenezwa kwa umbo na ukubwa wa ile ya kweli, inatoa vidonge vya plastiki vya milimita 6, na wenzetu huko wanaitumia kucheza vita vya kuigiza porini. Hii yake ni ya betri, ndefu, mtumba. Nusu ni nyeusi, nusu ni buluu inayowaka. Yeye anasema hiyo buluu isitushughulishe, ni kazi ya kopo moja la rangi ya kupuliza. Anataka shilingi 200,000 pamoja na chaja na magazini mbili za kutilia vidonge. Nimeulizia Dar nako, kuna mtu anauza mpya kwa 120,000, lakini ni bastola ya kukoki kwa mkono kila ukitaka kupiga, na lazima iletwe kwa boti. Wenzangu wanaitaka ya jirani. Tumeshachanga, pesa ziko kwangu, na wamekubaliana kitu kikae kwangu kwa sababu chumba changu kina kufuli.

Nikamwambia mama. Alikuwa ukumbini akichambua karafuu. Hakunijibu. Aliinuka, makonyo na karafuu vikabaki vimechanganyika mkekani, akaingia ndani. Baada ya Isha ndiyo akaniita, akasema, "Kitu hicho hakilali nyumba hii." Nikamwambia mama, ni plastiki. Akasema, "Na mjomba wako aliambiwa wanapiga juu."

Bi Mkubwa, mimi nimekua nikijua mjomba wangu anachechemea kwa sababu alianguka mkarafuu. Mama mkubwa ndiye aliyenieleza kesho yake kwamba alipigwa risasi ya paja Januari 2001, akavushwa kwenda Kenya, akarudi baada ya miezi. Mimi nilikuwa tumboni. Mjomba yuko hai, anakaa Konde, na hajawahi kulisema hili mbele yetu.

Wenzangu hawajui. Wao wanaona mama haelewi sanaa tu. Mmoja ananitajia kila siku kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba mama atazoea. Mwengine anasema iwekwe kwake, mama asijue. Muuzaji anaondoka mwisho wa mwezi.

Nifanye nini? Ninunue ya mtumba, nichukue ile mpya ndogo, niifiche, au niache? Na nikiacha, nawaambia nini wenzangu bila ya kumtoa mjomba barazani?

Kijana wa Kamera, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Umeniuliza habari ya kununua, mtumba au mpya, halafu ukaniandikia habari ya mama yako. Yote mawili nitayagusa, na naanza na hicho kitu chenyewe kwa sababu pesa za watu ziko mfukoni mwako na muuzaji ana safari.

Nina mtoto wa ndugu yangu aliyewahi kuucheza mchezo huo hukohuko Uingereza. Nilimpigia simu nikidhani atanijibu kwa maneno mawili. Nilisomeshwa mpaka chai ikapoa. Kumbe mambo haya yalianzia Japani, miaka ya 1970, kwa watu wanaopenda bunduki katika nchi ambayo sheria haiwaruhusu kuwa nazo. Anasema bunduki ya betri iliyotumika usiinunue kwa macho. Ndani mna mota, gia, pistoni na springi, na vinavyochakaa ni hivyo, si gamba la nje. Mwambie muuzaji aipige mbele yako, moja moja halafu mfululizo. Mota ikilia na kidonge kisitoke, huenda gia zimekwisha meno. Betri itazame: ikiwa ya lithiamu na imevimba, usiiweke kwenye chaja hata mara moja, inaweza kuwaka moto. Vidonge navyo si vile vya bunduki za sikukuu. Hii inataka vidonge laini visivyo na mshono, vya gramu 0.20 au zaidi, la sivyo vinakwama ndani ya mtutu. Na gia ikivunjika, kwa fundi gani wa Wete utaipeleka? Wewe fundi wa simu unajua mwenyewe maana ya kungojea kipuri kutoka nje. Kwa hiyo hiyo 200,000 ni bei ya kuanzia. Ile ya kukoki kwa mkono haina betri wala mota, ina machache ya kuharibika, lakini mmeshaiona ni ndogo kwa askari wenu.

Sasa nikuulize. Katika mchezo wenu, kuna mahali kidonge kinatakiwa kitoke? Mwanga wa risasi na mlio wake mtautia kwenye simu wakati wa kuhariri, maana easofti haitoi moto wala moshi wa risasi. Mnataka kununua mashine ya kurushia vidonge kwa ajili ya picha ambayo haina haja ya kidonge hata kimoja. Mnachohitaji ni umbo. Hapo mabishano ya mtumba na mpya naona yanapungua uzito.

Isipokuwa kama kuna jambo la pili ambalo hukuliandika. Vijana ni vijana, kikishafika mtataka kukipiga. Si dhambi, lakini likubalini wazi kwa sababu hapo hesabu inabadilika. Kidonge hicho kikimpata mtu mkononi kitaacha alama nyekundu. Kikimpata jichoni kinaweza kuvujisha damu ndani ya jicho, na baadaye likaja tatizo la presha ya jicho au mtoto wa jicho. Wanaocheza kwa nidhamu huvaa miwani iliyoziba pande zote, na miwani ya jua si miwani ya kazi hiyo. Na kwenu kuna mtoto wa darasa la sita. Kufuli la chumba cha kaka mkubwa nalijua, nimelea watoto.

Ile buluu imenishughulisha kuliko vyote. Haikupakwa kwa urembo. Uingereza, tangu Oktoba 2007, mtu wa kawaida asiye na sababu inayokubalika kisheria haruhusiwi kuuziwa bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli. Anauziwa yenye rangi za kuwaka, na kuibadilisha ili ifanane na ya kweli huko ni kosa. Marekani wanaitia ncha ya rangi ya machungwa mdomoni. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa bustanini na easofti ambayo ncha yake haikuwepo. Mtu akapiga simu polisi, gari ikafika, na askari akafyatua ndani ya sekunde mbili hivi. Mtoto akafa siku ya pili yake. Aliyefyatua hakupata nafasi ya kuishika kuona kama ni plastiki, na wala hakuitafuta nafasi hiyo. Kwa hiyo huyo anayewaambia ni kazi ya kopo moja la rangi, anawauzia kitu kisha anawafundisha kukivua kinga yake.

Halafu itazame picha yenu kwa jicho la mtu asiyewajua. Usiku, ufukweni, mashua na magunia, mtu amevaa mavazi ya askari, ana bunduki. Kamera iko nyuma ya mikoko, haionekani. Nani atawaona wa mwanzo? Wavuvi wanaorudi, au KMKM wenyewe, maana na wao bahari ni hiyohiyo. Na hatari hii haiondoki hata mkiacha easofti mkachongesha bunduki ya mti kwa fundi seremala. Kipande cha mti wa mfenesi kikichongwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi kitawapunguzia gharama, kitaondoa vidonge na betri, pengine hata mama atakivumilia; lakini kwa mtu aliye hatua hamsini gizani, bunduki ni bunduki.

Mkikazana kuwa na kitu cha namna hiyo, cha mti au cha plastiki, njia ya salama inapita kwa watu. Sheha, kiongozi wa shehia yenu, ajue siku na mahali. Baraza la Sanaa, yaani BASSFU, ndilo lenye kazi ya vibali vya filamu Zanzibar, na kikundi kinachotazamwa mpaka London kimeshatoka kwenye utani wa mtaani. Kwa hicho kitu chenyewe nenda kituo cha polisi, na mtu mzima mmoja, ukiwa na picha yake kwenye simu, uulize kabla ya kulipa: kukiweka nyumbani, kukisafirisha, kukipigia picha. Sheria ya silaha ya Tanzania ni ya mwaka 2015, na kuifasiri si kazi ya muuzaji wala yangu. Sare nazo msizichezee. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na ya kijeshi, kwa hiyo hata nguo za huyo mwenye kifua zina maswali yake. Njia hii ina hatari yake pia: jibu linaweza kuwa hapana, na kaka wa jirani anaweza kuulizwa kitu kimeingiaje nchini. Ni uungwana umwambie kabla hujaenda. Akighadhibika, hilo nalo litakuwa limekufahamisha kitu.

Nije kwa mama yako.

Huyo mwenzio wa methali, mwambie Bi Mkubwa amemsikia. Ung'ongo haukuumbwa ufanane na nyoka, mtu huushtukia kwa bahati mbaya tu. Hiki kimetengenezwa makusudi kifanane, na nyinyi mnakitaka kwa sababu kinafanana. Kingekuwa hakifanani mngebaki na kile cha Tibirinzi. Kwa hiyo mama anaposhtuka hajakosea kukitazama.

Wasomaji wangu wadogo huenda hawajui, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Risasi zilipigwa, watu zaidi ya 30 wakafa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya, wengi wakafikia Shimoni. Majumba mengi ya Pemba yana mtu wa mwezi ule, na mengi hayamtaji. Mjomba wako amechagua mkarafuu.

Sasa soma tena mchezo wenu, mwanangu. Mashua inavuka usiku kwenda wapi? Nyinyi mmeandika magendo, na Shimoni ni bandari ya magendo tangu enzi, hamkukosea. Lakini mama, wakati anachambua karafuu na wewe unamsimulia kwa furaha, huenda hakusikia karafuu kabisa. Huenda alimsikia kaka yake chomboni, na askari, na bunduki, na mwenye kuyasimulia ndiye yule aliyekuwa tumboni. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hujui bado, na wenzako ndio kabisa.

Tena hakukukataza kuigiza. Nimeyatazama maneno yake: kitu hicho hakilali nyumba hii. Inawezekana anazungumzia nyumba tu, na kikikaa kwengine hana neno. Inawezekana anazungumzia mkono wako, hataki kukiona mkononi mwako popote, na nyumba ni pale alipoweza kufika kwa kauli. Mimi siwezi kukufasiria, yuko chumba cha pili, muulize. Usiende kama mtu anayepatana bei. Keti naye kwenye mkeka, umalize naye hizo karafuu, useme mama mkubwa amekueleza habari ya mjomba, halafu unyamaze. Anaweza kusema mengi, anaweza kuinuka tena. Yote mawili yavumilie.

Kuificha nyumba ya mwenzio inaonekana rahisi, na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ila mchezo utatoka, na Wete yote itauona, na kuna jirani atamletea simu yake mpaka jikoni: "Hebu mtazame mwanao." Siku hiyo atajua mambo mawili kwa pamoja. Je, hilo la pili, kwamba ulikwishajua habari ya kaka yake na bado ukaendelea kwa siri, utaweza kulikalia naye? Wako watoto wanaoweza, na mama zao huwasamehe. Wewe barua yako haikunisomekea hivyo, lakini unajijua zaidi.

Wenzako hawana haja ya kumpata mjomba ili wakuelewe. "Mama hataki, na nyumba ni yake" ni jibu kamili kwa kijana yeyote aliyelelewa Pemba. Pesa zirudishe kwa mwengine azishike, mbele ya wote, ili isije ikasemwa umezikalia. Hatari ni kwamba wataweza kununua bila wewe. Hapo utalazimika kujiuliza kama utaishika kamera huku kitu kikiwa kwa mwengine, au utaikosa picha hiyo. Lifikirie kabla halijafika.

Kuna jambo la sanaa nalo, niseme kidogo ingawa mimi kazi yangu ni barua. Nimekulia ufukweni, na usiku baharini bunduki haionekani. Kinachokuja kwanza ni mashine ya boti, halafu mwanga wa tochi unawapiga usoni, halafu sauti. Askari wenu mmesema ana sauti. Jaribuni kuipiga hiyo picha mara moja namna hiyo, kamera iwe kwa wale ndugu wawili, askari awe tochi na kauli tu, muone kama mtazamaji wa Kiuyu au Tumbe atauliza bunduki iko wapi. Inaweza ikawa dhaifu, mkarudi kwenye mabishano yenu palepale, lakini jaribio hilo gharama yake ni betri za tochi.

Na mjomba? Konde si mbali. Unaweza kwenda kumwamkia bila ya ajenda, umechukua samaki, umekaa. Usimwombe ruhusa ya mchezo, na usimwombe kisa. Aliyekaa na kisa chake tangu 2001 ana haki ya kuendelea nacho. Kabla hujaenda muulize mama mkubwa kama ni vyema, kwa sababu ndiye aliyefungua mlango huu na huenda hakumwambia kaka yake kwamba ameufungua. Ukiona bora usiende, usiende.

Muuzaji akikuhimiza kwamba ndege haingoji, mwambie safari njema, na kama kitu kinauzika ana watu wengi wa kuwauzia huko atokako. Nawe ukishazungumza na mama niandikie, hata mistari miwili. Na kile kipande cha tochi mkikipiga nitumie, nina wajukuu wawili watundu wa kukikosoa.

Bi Mkubwa